Kuka wa Waifai

Zedekiah alikuwa ameshafika ngazi ya mwisho, godoro kichwani, nilipomwuliza kama kweli anahama. Tulikuwa tumekaa chumba kimoja River Road miaka tisa.

"Kitisuru wamenipa kazi ya bustani, chumba, na waifai ya bure," akasema. "Wewe baki na bando zako za kuisha kabla ya salamu."

Nilicheka, lakini roho iliniuma. Binti yangu Everlyn yuko Doha na mjukuu wangu Debra, ambaye sijawahi kumshika mkono. Bando ni ghali, na hata nikinunua, picha inaganda nikiwa nimeachama mdomo, kisha bando inaisha.

Jumapili moja nikatembea mpaka Kitisuru. Nikamkuta Zedekiah, ambaye Everlyn ana namba yake tangu River Road, ameegemeza simu kwenye chungu cha maua, Debra anamchekea kwenye skrini: "Kuka, nionyeshe kinyonga tena!"

Kwetu kuka ni babu. Jina hilo lilikuwa langu. Nikaingiza uso wangu kwenye simu.

"Mama! Si huyu ni yule mzee wa kuganda?"

"Huyu ndiye kuka wako mwenyewe," Zedekiah akamwambia. "Mimi ni kuka wa waifai tu."

"Basi mwambie asogee. Simwoni kinyonga."

Nikasogea.

Everlyn bado yuko Doha. Debra ameanza shule. Zedekiah bado anamwagilia maua Kitisuru, nami nilihamia Ngara. Kila Jumapili naenda kwake kwa miguu. Debra sasa ananiita Kuka Ngara. Zedekiah anaitwa Kuka tu.