Kulinda Mlango wa Stoo

…hapana, sitautoa, ufunguo umelowa jasho la kiganja lakini sitautoa, mlango wa stoo ya mbolea nimeuegemea kwa mgongo na Khisa yumo ndani kati ya magunia, anakohoa, na hawa mbele yangu wana panga za kukatia miwa na saa nane waliyosema polisi haijafika, "Mzee Lazaro, lete hiyo funguo," anasema Makhanu, "mtu wa kuchoma mashamba tunamfundishanga hapa hapa," na ekari zake tatu za miwa michanga ni majivu tangu jana, ana haki ya kulia, hana haki ya kuua, nawaambia polisi wanatoka Mumias, wanakuja, tangu asubuhi wanakuja… wanakijiji walinipa mimi ufunguo kwa sababu nilikuwa Keya, askari wa Mwingereza, nililinda mateka Wataliano wakati wa vita, mzee anaijua hiyo kazi, walisema, na kweli naijua, sajini alitupanga mstari akatusomea sheria, mfungwa hapigwi, hatukanwi, haanikwi watu wamtazame, anakula sawa na askari, anaandika kadi kuwaambia watu wake kwamba yu hai, tukacheka sana, adui aandike barua! lakini tuliishika ile sheria, kadi zao nimezibeba kwa mikono hii… halafu miaka kumi baadaye, wakati wa hali ya hatari, nikapelekwa kambi nyingine, watu weusi wenzangu, waliokamatwa shambani, sokoni, nikamuuliza bwana mkubwa hawa sheria yao tutasomewa lini, akasema hii si vita, hawa si wafungwa wa vita, basi tukapiga, nilipiga, nisijidanganye, na mmoja aliniomba nimpelekee mkewe neno moja tu, kwamba yu hai, sikulipeleka, sijui kwa nini, halikuwa na uzito hata wa kadi… "Kuka," Khisa ananiita kwenye ufa wa mlango, babu, na wala si mjukuu wangu, mkata miwa tu wa Malava, "kuka, maji, koo imekauka," naitisha maji, hakuna anayesogea, "Unamuitia maji na miwa yako pia ilichomeka!" anafoka Makhanu, "wewe huna uchungu?" uchungu ninao, Makhanu, laiti ungejua ni wa nini, miwa yangu ilipitisha miezi shambani, zamu ya kukatwa haifiki, lori zinapita barabarani kama hazinioni, na kila mtu hapa anajua miwa iliyoungua kiwanda huichukua kwanza kabla haijaharibika, wangapi wamefanya, njiti moja tu, kona ya juu, njia ya kuzuia moto nilikuwa nimeilima, nikadhani upepo umetulia, haukutulia, ukarukisha moto hadi kwa Makhanu, na Khisa akapita na sigara yake wakamdaka. Ni mimi. Tangu jana napewa pole, Pascalia mke wa Makhanu ameniletea hata ingokho, kuku mzima, na shamba lao limeungua, nami nimekula… nilijiambia kumlinda kunatosha, polisi watamchukua akiwa mzima, lakini huko aendako nani atamsomea nini, nimekaa kambini, najua jinsi mtu asiye na kosa anavyosema ndiyo, ni mimi, akishachoka, na mimi nakaa hapa mlangoni najiona mtu mwema, aibu gani hii, mwanaharamu gani mimi, lazima niseme, nikisema watanitoa hapa mlangoni, panga zenyewe hizo, Lazaro, ulimwambia yule wa kambini kesho, nitapeleka kesho… kikombe cha maji kimefika, ni Pascalia, Makhanu anamfokea na yeye amenyoosha tu mkono, nakipenyeza kwenye ufa, namsikia Khisa akigugumia, "Mzee, mara ya mwisho, lete funguo," na nazitazama nyuso zao moja moja natafuta hata mmoja ambaye nikishasema, nikishaingia mimi humo kati ya magunia, angekaa hapa aukatae mkono wa Makhanu kama ninavyoukataa sasa, simwoni, vijana hapana, wazee hapana, ni Pascalia tu, na Pascalia ndiye nisiyeweza kumtazama machoni, lakini namtazama, na mdomo wangu umeshafunguka…