Boila ya Malachy

Baba yangu, Malachy, alitumia maisha yake yote ya kazi kutengeneza boila za mafuta za parokia nzima, zile mashine za kupasha nyumba joto, na iliyokataa kuwaka wiki aliyokuwa akifa ni ya kwake. Mganga hajigangi, walisema majirani, na kila aliyelisema alijiona ni wa kwanza kulisema. Niliwachekea. Moyoni nilitamani kuwatupia birika.

Ilikuwa Desemba ile ya baridi kubwa hapa Tyrone, theluji imeganda juu ya theluji na njia ya kupandia kwetu haikanyagiki. Baba alikuwa amelala chumba cha mbele, mapafu yamekwisha, mrija wa oksijeni puani. Mimi nilirudi kutoka Glasgow majira ya majani kupukutika ili nimuuguze, kwa sababu alibaki na haja moja tu duniani: kufia kitandani mwake. Mama alifia kwenye korido ya hospitali, na Baba alikaa naye pale kwenye kiti cha plastiki, watu wakipita na chai zao. Hakulisahau.

Asubuhi hiyo niliamka nikaona pumzi yangu mwenyewe. Nikashika rejeta, lile pango la chuma la ukutani linalopashwa joto na boila, baridi. Nikaenda kwa Baba, nikamkuta macho wazi, blanketi mpaka kidevuni, midomo imeanza kubadilika rangi. Sebuleni tulikuwa na jiko la kuni, lakini moshi wake ungemmaliza kabla ya baridi. Tulikuwa na hita ndogo ya umeme pia. Ukiiwasha pamoja na mashine ya oksijeni, umeme wa nyumba nzima unakatika, kwa hiyo ilibidi uchague apumue au apate joto.

Nesi Concepta alifika kwa miguu, soksi amezivaa juu ya viatu asiteleze. Alishika vidole vya Baba, akazitazama kucha, kisha akanivuta jikoni.

"Nuala, nikirudi jioni nikakuta chumba bado kiko hivi, naita ambulensi."

"Hataki kwenda, Nesi. Unajua hataki."

"Najua. Lakini siwezi kumwacha mtu agande kitandani eti kwa sababu anakipenda kitanda."

Ni mwanamke mwema, Concepta, na siku hiyo nilimchukia kwa moyo wangu wote.

Nilimpigia simu mdogo wangu Eunan, anayefuga ng'ombe hapo chini ya kilima. Mafuta ya boila yalikuwa jukumu lake, mimi langu lilikuwa dawa na chakula. Akasema anakuja. Nikawapigia mafundi, wote wako kwenye nyumba za watu, maana parokia nzima ilikuwa inalia kilio kimoja. Yule aliyerithi wateja wa Baba alisema labda kesho, labda keshokutwa, na akaniuliza kama Baba mwenyewe hawezi kutazama. Nilikata simu.

Baba alikuwa amesikia yote. Boila iko bandani nyuma ya ukuta wa chumba chake, na ukuta wenyewe ni mwembamba. Akaniita, akaniambia niende nikabonyeze kile kitufe chekundu cha kuiwashia upya, mara moja tu, nirudi nimweleze nimesikia nini.

Nikaenda, nikabonyeza. Feni ikazunguka, cheche zikalia ta-ta-ta. Kisha kimya, na taa nyekundu ya hitilafu ikawaka tena. Niliporudi nilikuta hahitaji maelezo yangu.

"Feni ipo, cheche zipo," alisema. "Mafuta ndiyo hayafiki. Tangini kuna kitu?"

Nilikuwa nimeshachovya fimbo. Mafuta yalipita nusu ya tangi. Eunan alituambia lori lilikuja wiki iliyopita nikiwa mjini kuchukua dawa.

"Mimi sikusikia lori," Baba alisema.

Nilidhani alikuwa amelala. Nikauliza nibonyeze tena, akanikataza kwa kidole. Kila ukibonyeza na moto usishike, alisema, mafuta yanatemwa ndani na kubaki humo, na siku moto ukishika unashika yote kwa pamoja. Alishawaona watu waliokibonyeza kile kitufe utadhani wanapiga kengele ya mlangoni. Nyusi zao hazikurudi.

Basi tukaanza, yeye kitandani na mimi bandani, kila hatua nikirudi kumpa habari. Nililegeza skrubu ya pampu kama alivyoniagiza. Yalipaswa kutoka mafuta, ikatoka pumzi ndogo tu. Koki ya tangi ilikuwa wazi. Kilichobaki ni chujio lililoko chini ya tangi, nje, kwenye theluji, na nililala chali pale nikihangaika na spana mpaka vidole vikakosa hisia. Lilipofunguka, hayakumwagika mafuta. Ndani mlikuwa na kitu kizito, chekundu, kama mafuta yaliyolala kwenye kikaango mpaka asubuhi. Nikakichota kwa kijiko, nikakitia kwenye chupa ya jamu, nikampelekea.

Boila zetu hula mafuta ya taa, nayo ni meupe. Mekundu ni dizeli ya trekta, ambayo hutiwa rangi kwa sababu haina kodi. Baba aliinua chupa kwenye mwanga wa dirisha, akainusa, akafumba macho.

"Dizeli," alisema. "Tena ile ya kiangazi. Ikikutana na baridi kama hii inaganda yote."

Eunan aliingia wakati huohuo, kofia mkononi, akaiona chupa. Sikuhitaji kumuuliza. Lori halikuwahi kuja. Alikuwa anasubiri bei ishuke, kama kila mtu hapa anavyosubiri kila mwaka, na alipoamua kuagiza, theluji ilikuwa imefunga njia na madereva wote wakakataa kilima chetu. Akaona aibu kutuambia. Akabeba madumu ya dizeli kutoka kwenye tangi la shambani, akayamimina wakati Baba amesinzia.

"Nilifikiri itatuvusha wiki moja," alisema. "Na ni wewe uliyenifundisha, Baba. Ulisema dizeli kidogo haijawahi kuua boila."

"Nilisema," Baba akajibu. "Nilimwambia kila mtu."

Na kweli alikuwa akisema, nimemsikia tangu utotoni. Hapa kwetu mafuta yakikuishia Jumapili, unamimina dizeli ya trekta, boila inatoa moshi kidogo na maisha yanaendelea. Majira yetu ya baridi ni ya mvua na matope, hayagandishi kitu. Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Baba akaanza kucheka, kicheko kikageuka kikohozi, na nilipokuwa namshika mgongo nilimwambia Eunan maneno ambayo padri hakuwahi kuyasikia kwangu hata kwenye kitubio. Nilimwita mvivu, nilimwita mwongo, nikamwambia akimuua baba yetu nitahakikisha anaibeba dhambi hiyo mpaka kaburini. Hakujitetea. Baba aliniacha nimalize, kisha akaturudisha kazini.

Nimwage maji ya moto juu ya bomba la pampu lililofungwa taulo, alisema, ili lizibuke. Lakini ile dizeli ya tangini ni bure, itaganda tena. Dawa ni dumu la mafuta ya taa, likae juu ya kiti bandani, pampu inyonye moja kwa moja humo. Wesley, jirani yetu wa ng'ambo ya mto, alikuwa na mafuta, na kwa simu alisema njooni mchukue. Eunan akashuka mbio kwenda kuwasha trekta.

Trekta nayo ilikuwa imekunywa dizeli ileile. Tuliisikia kule chini ikijaribu na kujaribu, sauti ikizidi kudhoofika mpaka betri ikafa. Baba alikuwa anasikiliza na yeye. Baadaye tulimwona Eunan dirishani akikata mashamba kwa miguu kuelekea mtoni, theluji inamfika magotini.

Mimi nikabaki na birika. Nilichemsha, nikamimina, nikachemsha tena, na maji yaliyomwagika yakaganda chini ya viatu vyangu. Kila nikiingia nilimpa Baba chai kwa kijiko, na kila mara alimeza kidogo kuliko mwanzo. Alitaka kujua kama bomba limelainika. Nikamwambia limelainika. Nilimfunika koti langu, nikamfunika na zulia la sebuleni. Nje mwanga ulianza kuondoka.

Concepta alifika kabla ya Eunan. Aliweka kiganja kifuani kwa Baba, akatazama mashine yake ndogo ya kupimia oksijeni kidoleni, akaenda kwenye simu bila kuniuliza lolote. Nikamfuata jikoni nikimsihi. Mafuta yako njiani, nilimwambia, nipe muda kidogo tu, yako njiani.

"Nilikupa siku nzima, Nuala," alisema, akanigeuzia mgongo, na nikaona mabega yake yanatikisika.

Baba alipoambiwa hakubisha. Alimuuliza jambo moja: nyumba ikipata joto, atarudishwa? Concepta akasema kifua kikitulia na nyumba ikiwa na joto, yeye mwenyewe atapigania kesho arudishwe. Baba alimwamini. Na mimi nilimwamini. Nikaenda kuvaa koti nifuatane naye, Baba akanizuia.

"Kaa na ndugu yako," alisema. "Hajui kutoa hewa kwenye pampu."

Ambulensi ilisimama chini barabarani, kilima hakikupandika. Wanaume wawili walipanda kwa miguu, wakambeba kwenye kiti, amefungwa blanketi zote za nyumba, na mimi nikatembea kando nimebeba mtungi wao wa oksijeni. Nusu ya njia tukakutana na Eunan. Alikuwa amelifunga dumu juu ya mfuko wa mbolea na kamba kiunoni, analivuta, amepinda mgongo, theluji imemganda kwenye nyusi. Alipotuona alisogea pembeni kwenye ua wa miiba kutupisha. Baba akainua mkono, wale wanaume wakasimama.

"Toa hewa kwanza," alimwambia. "Mpaka mafuta yatoke bila povu. Halafu kitufe. Mara moja."

"Sawa, Baba."

"Na usimwache dada yako akupige."

Wakaendelea kushuka naye.

Tulifanya kama alivyosema. Eunan alishika tochi, mimi nikashika skrubu. Lilitoka povu, kisha povu na mafuta, kisha mafuta matupu, safi, yakanimwagikia mpaka kwenye mkono wa sweta. Nikakaza. Nikamwambia Eunan abonyeze yeye. Feni, cheche, halafu ule mngurumo mzito unaoanzia chini, ambao nimeusikia ukutani maisha yangu yote. Eunan alinikumbatia. Hatukuwa tumewahi kukumbatiana, na tulinuka mafuta wote wawili.

Usiku ule niliifanya nyumba tanuri. Nilifungua rejeta zote, nikatandaza shuka za Baba juu yake zipate joto, na pajama zake juu ya shuka. Kulipokucha vioo vya madirisha vilikuwa vinatiririka maji na Eunan alikuwa amelala jikoni amevua shati. Nilikuwa nakaanga mayai na soseji na nina furaha, nasema kweli, nina furaha, simu ilipolia.

Alifia kwenye korido. Kitanda kilikuwa hakijapatikana. Nilimuuliza yule binti wa simu kama kuna mtu alikuwa naye, akasema samahani, yeye ndiyo kwanza ameingia zamu.

Walimrudisha kesho yake, kwenye jeneza, kwa ajili ya mkesha. Kwetu maiti hulala nyumbani kwake siku mbili kabla ya kanisa, na watu huja. Bwana Quigg, mwenye kazi ya mazishi, alisimama mlangoni pa chumba cha mbele, akalisikia lile joto usoni, akaninong'oneza kwa adabu kwamba chumba lazima kiwe baridi. Aliniambia na sababu, nami nilikuwa naijua. Tukajaribu kufunga rejeta ya chumba kile, koki ikagoma. Baba alikuwa akisema ataibadilisha. Ikabaki kuzima boila yenyewe.

Eunan alikuwa amesimama kwenye mlango wa banda.

"Siizimi," alisema.

"Eunan."

"Alitolewa humu kwa sababu ya baridi, dada. Leo amerudi, ndiyo tumwekee baridi?"

Nilikuwa bado na hasira naye, na sina hakika kama imekwisha hata leo. Nikamwambia atoke mlangoni, nitazima mimi. Akatikisa kichwa, akaingia mwenyewe, akazima. Feni ilizunguka polepole, ikasimama. Tukaenda tukafungua dirisha la chumba cha mbele.

Watu walikuja parokia nzima. Hakuna nyumba ambayo Baba hakuwahi kupiga magoti mbele ya boila yake. Walipanga mstari na makoti yao, wakatushika mikono, wakasema poleni kwa msiba, wakamgusa Baba kwenye paji la uso, wakanywa chai wamevaa glovu. Na kwa kuwa walikuwa wateja wa Malachy, kila mmoja alipita akaishika rejeta kwa kiganja, kisha akamsogelea Eunan na kumuuliza kwa sauti ya chini kama boila bado inakataa kuwaka, maana kuna fundi wanaweza kumtuma.

"Hapana," Eunan alimwambia kila mmoja. "Inafanya kazi."