Wanne Waliomaliza Shule Rumonge

Wadachi walipofungua shule pale Rumonge, wavulana walijaa mabenchi yote na waliokosa nafasi wakakaa mkekani. Miaka minne baadaye, waliokuwa wanamaliza walienea benchi moja na bado pakabaki pa mtu kujinyoosha. Walikuwa Aruna, Mustafa, Asmani na Nasoro. Wenzao wengi walikuwa wamerudi kuvua na baba zao. Wengine walivuka ziwa kwenda upande wa Wabelgiji kukimbia kazi za boma. Na mmoja, Radjabu, alichukuliwa na watu wa daktari.

Aruna ndiye aliyekuwa na mwandiko mzuri, kwa hiyo Mwalimu Maneno akamtwisha kazi ya hotuba. Mwalimu huyu alikuwa mtu wa Pangani, mwembamba, kanzu yake haikupata doa hata wakati wa matope, na hakuchoka kuwaambia wanafunzi kwamba Rumonge si mji, ni mahali mitumbwi inapopumzika. Aliwaita wale wanne akawaeleza kuwa Bwana Mkubwa wa boma anakuja kutoka Usumbura kuwapa kazi, na kabla ya kazi angependa kusikia habari za miaka yao ya shule.

"Semeni mlichojifunza," alisema. "Kwa ufupi na kwa adabu. Aruna ataandika, nyinyi wengine mtamkumbusha."

Mchana ule wakabaki darasani peke yao. Kulikuwa na joto, na nyuma ya shule wanawake walikuwa wanapika mawese, moshi unaingia kwa mlango.

"Anza na bendera," alisema Nasoro. Huyu alikuwa mtoto wa mchuuzi wa chumvi, mpole, asiyependa kugombana na mtu. "Kila asubuhi tulipandisha bendera."

"Kupandisha bendera si kujifunza," alisema Asmani.

"Basi andika kuhesabu."

"Kuhesabu tulifundishwa na nani?" Aruna aliuliza.

Jibu walilijua wote. Mwaka wa pili Mwalimu Maneno aliwaletea hesabu za sehemu, nusu na robo na thumuni, akaziandika ubaoni na kumchapa kila aliyekosa, wala hakueleza. Radjabu akawa anawachukua ufukweni baada ya masomo. Alikuwa anagawa ndagala, dagaa wa ziwani, mafungu juu ya mchanga, anayagawa tena, anayachanganya, hadi hata Mustafa, ambaye akili yake yote ilikuwa kwenye gwaride, akaelewa. Mwalimu alipoona wote wanapata, alidhani ni fimbo.

Kisha ukaja ugonjwa wa malale. Watu wa daktari walipita nyumba kwa nyumba wakishika shingo za watu. Shingoni mwa Radjabu wakakuta vivimbe. Mama yake, Kadidja, alishika machela ya mwanawe mpaka askari wakambandua mikono. Wakampeleka kusini, kwenye kambi ng'ambo ya msitu wa Kigwena, na huko jamaa hawaruhusiwi kupeleka hata chakula. Shule ikafungwa. Wanafunzi wakapewa mapanga wafyeke vichaka vya ufukweni ambamo mbung'o hujificha. Ilipofunguliwa tena, asubuhi ilikuwa gwaride la bunduki za mti, mchana kumwagilia miche ya michikichi ya boma, na katikati kusoma kidogo, kama mtu anayekumbuka kitu njiani.

"Tumefyeka kuliko tulivyosoma," alisema Mustafa. "Liandike na hilo."

Aruna akaliandika. Aliandika vichaka, michikichi, bunduki za mti. Akaandika kwamba sehemu walifundishwa na mwenzao Radjabu, ambaye yuko kambini na hawajui hali yake. Akapeleka kwa Mwalimu.

Mwalimu Maneno alisoma akiwa amesimama. Kisha akachukua kalamu na kuanza kukata.

"Mwalimu, lakini ni kweli."

"Sikusema ni uongo. Nimesema hayatasomwa." Aliendelea kukata. "Unajua nimeomba mara ngapi kurudishwa pwani? Unataka Bwana Mkubwa aambiwe shule yangu iliendeshwa na mtoto mgonjwa? Mtanizika hapa."

Aruna alirudi nyumbani na karatasi iliyobakiwa na bendera, usafi, utii na shukrani. Hakula. Mama yake, Batuli, alimuuliza ana nini, akasema hana kitu.

Bwana Mkubwa alifika akiwa na homa, na mawimbi ya ziwa yalikuwa yamemtesa. Wazazi walikuwa wamevaa vizuri, wamekaa tangu asubuhi. Aruna akasimama. Siku nyingi alikuwa amejifunza sentensi moja ya Kidachi, ameiokota kwa kusikiliza maofisa wakipita, ameirudia akivua, akioga, akilala. Alitaka kuanza nayo. Alipofika katikati Bwana Mkubwa akainua mkono.

"Kiswahili, kijana. Kidachi niachie mimi."

Askari wakacheka. Aruna akahamia kwenye Kiswahili. Alisoma bendera, akasoma usafi, na kabla hajafika kwenye utii Bwana Mkubwa alisema, "Vema, inatosha," akageuka kumwuliza Mwalimu nani ni nani. Aruna akabaki amesimama na karatasi yake hadi Nasoro alipomvuta shati akae.

Kazi ziligawiwa upesi. Nasoro atakwenda kituo cha mpakani, Kabonga. Asmani atafuatana na watoza kodi upande wa Muhuta. Mustafa, kwa kuwa ana mwili na anasimama vizuri, atakuwa karani wa daktari kwenye kambi ya malale. Aruna atabaki hapo hapo kumsaidia Mwalimu Maneno kufundisha wadogo.

Mustafa aligeuka rangi. Aruna akajikuta ameinuka tena.

"Bwana Mkubwa, naomba kambini niende mimi."

"Nimekuuliza?"

"Hapana, Bwana."

"Basi kaa."

Batuli alimshukuru Mwalimu kwa mikono miwili. "Murakoze, Mwalimu, murakoze sana." Njiani kurudi nyumbani akamgeukia mwanawe. "Ulitaka kwenda kule watu wanakopelekwa kwa machela? Mutoto wangu, nilikulea kwa ajili ya kule?"

"Radjabu yuko kule, mama."

"Iko na mama yake wa kumlilia. Wewe iko na mimi. Umebaki nyumbani, tulia."

Furaha yake ndiyo iliyomuudhi Aruna kuliko maneno ya Bwana Mkubwa. Miaka yote ile alikuwa anavumilia benchi lile akijua siku moja ataliacha. Sasa atazeeka nalo.

Jioni alimkuta Mustafa ufukweni, amekaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa.

"Ukifika, mtafute Radjabu," Aruna alimwambia. "Mwambie tumemaliza. Mwambie tulitaka kumtaja."

"Siendi."

"Huendi vipi? Umeamriwa."

"Aruna, mimi bunduki ya mti sikuiogopa, wala fimbo ya Mwalimu. Ule ugonjwa naogopa. Mtu anacheka na wewe, halafu analala katikati ya kicheko." Alitema mate mchangani. "Unataka kumwambia kitu, nenda mwenyewe."

"Nimekataliwa."

"Na mimi nimekubaliwa bila kutaka. Ndiyo shule yetu hiyo."

Walikosana pale. Aruna alimwita mwoga, Mustafa akamwita mtoto kipenzi wa Mwalimu, na wakaachana bila kuagana. Kulipokucha Mustafa alikuwa ameshavuka ziwa na mtumbwi wa mjomba wake. Hakuonekana tena Rumonge.

Mwalimu Maneno alimwita Aruna na kumgombeza kana kwamba yeye ndiye aliyepiga makasia. "Mnaniharibia jina langu," alisema, "mmoja kwa kusema sana, mwingine kwa kutoroka." Daktari alikuwa anadai karani anayejua kuandika, na Mwalimu hakuwa na mwingine wa kumtoa. Basi alichonyimwa Aruna alipoomba, akakipata kwa amri, na matusi juu. Batuli alilia mlangoni. Askari akamwambia Aruna atangulie mbele.

Walipita chini ya michikichi, wakaingia msitu wa Kigwena, wakatokea ng'ambo ya pili kwenye uwanja uliofyekwa hadi majini. Vibanda vya nyasi vilisimama kwa safu. Watu walikaa juani wakingoja sindano, na wengi hawakugeuka kutazama aliyekuja.

Radjabu alikuwa kwenye kibanda cha mwisho, ameegemea nguzo. Uso ulikuwa umevimba, miguu imekwisha. Aruna alisimama mbele yake, na yule hakuonyesha dalili ya kumjua.

"Iko nani?" Radjabu aliuliza, akitazama kando kidogo ya aliposimama Aruna.

Ndipo Aruna alipofahamu kuwa haoni. "Ni mimi, Aruna."

"Aruna wa shule?"

"Ndiyo."

"Dawa imekula macho," Radjabu alisema, kama anaeleza habari ya jirani. "Wameniambia bila dawa ningekuwa nimekufa. Kaa chini. Mumemaliza?"

"Juzi."

"Nieleze. Anzia siku waliyonitoa."

Aruna akaanza. Alieleza vichaka na mapanga. Alieleza michikichi, gwaride, nyimbo za siku ya Kaisari wa Wadachi, Asmani alivyoangusha bendera kwenye tope. Radjabu alikuwa akisikiliza kwa uso wote, na Aruna akaona maneno yanamwishia. Miaka miwili mizima, na ilikuwa imesimulika hata kabla kivuli cha kibanda hakijasogea.

"Na hesabu?" Radjabu aliuliza. "Baada ya sehemu mulisoma nini?"

"Hakuna. Mwalimu alirudia zile zile."

"Zile zile?"

"Zile ulizotufundisha."

Radjabu aliinamisha kichwa, Aruna akadhani amelala. Kisha akasema polepole, "Mimi nilikuwa na hasira na nyinyi. Kila nikiamka ninasema, leo wenzangu wamefika mahali fulani, mimi niko hapa. Nilikuwa ninawawekea masomo kichwani, hili mwezi huu, hili mwezi ujao. Niliwaona mbali sana. Usiku nilikuwa ninawaonea wivu." Akapapasa hadi akapata mkono wa Aruna. "Kumbe mulikuwa mumekaa pale pale."

Aruna hakuuvuta mkono wake. Alitamani apate mtu wa karibu wa kumtolea hasira, lakini pale hapakuwa na mtu ila wagonjwa.

Siku zilizofuata aliandika majina ya walioingia na ya waliozikwa, na kila alipopata nafasi alikuja kwenye kibanda kile. Radjabu, akiwa macho, aliuliza jambo lile lile: baada ya sehemu inafuata hesabu gani? Lazima ipo. Wale Wadachi wenyewe walijenga meli kwa hesabu gani? Aruna akamtuma askari aliyekuwa anakwenda Rumonge kupeleka chumvi, amwombe Mwalimu Maneno aeleze somo linalofuata, hata kwa maneno machache tu.

Askari alirudi na salamu za Batuli na furushi la samaki wa mukeke waliokaushwa. Kuhusu hesabu alisema, "Mwalimu anasema hajui. Anasema na yeye alipofundishwa aliishia hapo."

Aruna aliyapeleka majibu hayo kibandani. Radjabu alikuwa amelala, na hakuamka siku ile wala iliyofuata. Alipofumbua macho siku ya tatu alikula samaki kidogo, akauliza.

Aruna alimwambia ukweli. Radjabu akasikiliza hadi mwisho, akatafuna, akameza.

"Basi tuitafute wenyewe," alisema. "Thumuni ukiigawa kwa tatu?"

Aruna alifungua mdomo kujibu, na kwenye uwanja daktari akamwita kwa sauti kali, kulikuwa na machela nyingine. Alipomaliza kuandika na kurudi, Radjabu alikuwa usingizini, kipande cha samaki bado kiganjani. Aruna akakitoa asije akajisonga nacho, akakaa nje ya mlango kufukuza nzi, huku akijaribu kuigawa ile thumuni, anakosa, anaanza upya.