Mbwa Aliyeikataa Lifti

Fundi lifti aliishi na mama mkwe wake ghorofa ya tano, na kwa miezi saba walikuwa wameheshimiana mpaka nyumba ikawa haikaliki. Fundi akitaka kupita sebuleni, alikohoa mara mbili akiwa bado kwenye korido. Mama mkwe akisikia kikohozi, alishusha miguu kutoka kwenye stuli, akajiweka sawa, akapunguza redio. Fundi akapita huku akitazama sakafu kama mtu aliyedondosha msumari. Kisha redio ikapandishwa. Kama kulikuwa na neno la kusemwa, lilipitia kwa mke wa fundi, aliyekuwa binti wa huyu na mwenzi wa yule, na ambaye alikwisha kuchoka kuwa posta.

Shida ni kwamba posta yenyewe ilikuwa ya kusafiri. Mke alikuwa mkaguzi wa tiketi kwenye treni za masafa marefu: siku nne njiani, siku tatu nyumbani. Katika siku hizo nne nyumba ilitulia kama maji mtungini. Mama mkwe alikuwa amefanya ukunga miaka thelathini na minane, amezoea kuitwa mbiombio na kugombezana na watu wanaopiga mayowe. Sasa kazi yake ilikuwa kuhesabu matangi ya maji juu ya mapaa ya jirani. Siku moja alimwambia binti yake kwamba anatamani mbwa, apate mtu wa kugombezana naye.

Binti akamgeukia mumewe usiku uleule. Akamwambia ampeleke mama wakamtafute mbwa wa kufaa ghorofani, si wa shambani, na wasimletee mbuzi kwenye gunia. Fundi akauliza kama haingekuwa busara kumsubiri arudi safari, waende wote watatu. Mke akasema mbwa atakaa nao wawili siku nne kati ya saba, kwa hiyo watakaoshika kamba ndio watakaochagua. Alfajiri akavaa sare yake akaondoka.

Mama mkwe alikuwa mtu wa taratibu. Kabla ya mbwa, alitaka karatasi. Mkataba wa nyumba ulisema mnyama haruhusiwi mpaka kwa idhini ya maandishi, basi fundi akashuka kwa mwenyekiti wa wapangaji, mzee wa ghorofa ya nne aliyesaini kwa niaba ya mwenye nyumba, na ambaye aliweza kusikia unga ukichekechwa juu yake. Mzee akaandika barua yenye masharti matatu: awe mmoja, asibweke ovyo, asijisaidie kwenye ngazi. Fundi akaiweka barua mezani chini ya bakuli la sukari, akakohoa, akaenda zake. Mama mkwe akaisoma mara mbili, akaikunja, akaitia kwenye mkoba aliokuwa akibebea mikasi enzi za kazi.

Mahali pa kwanza walipokwenda palikuwa nyuma ya duka la vipuri. Muuzaji alikuwa ametangaza kwenye simu: watoto wa mbwa, aina ndogo, maalumu kwa ghorofa. Walikuwa wanne ndani ya boksi la betri.

"Hawa hawakui, mama," alisema. "Watabaki hivihivi, kama kikombe."

Mama mkwe akaomba maji, akanawa mikono mpaka kwenye viwiko. Akamwinua mmoja, akamgeuza, akatazama fizi, akampapasa tumbo, akamsikiliza pumzi. Fundi alimtazama kwa mshangao. Hakuwa amewahi kumwona mama mkwe wake akifanya kitu zaidi ya kushusha miguu. Mwishowe mama akashika kiganja cha yule mbwa akakilaza ndani ya kiganja chake. Kilijaa.

"Mtoto huyu amevaa viatu vya baba yake," alisema. "Akikua, tutakaohama ni sisi."

Akauliza umri. Muuzaji akasema wiki tisa. Mama mkwe akasema meno yanasema tano, na kwamba mtoto wa wiki tano bado ana haki ya kunyonya. Akaomba kumwona mama yao. Muuzaji akakuna kichwa, akapotea ndani ya duka, akarudi akivuta mbwa wa rangi ya udongo ambaye alionekana kushangaa kuliko mtu yeyote pale. Akasema ndiye huyo.

Mama mkwe akainama akatazama. Fundi, ambaye alikuwa ameona kitu kilekile, akainua uso haraka na kuanza kukagua waya za taa darini.

"Kijana," mama mkwe alisema kwa upole, "nimezalisha zaidi ya mara elfu sita. Sijawahi kumzalisha mwanaume."

Muuzaji akasema labda huyo ni baba, mama ametoka kidogo. Kadi ya chanjo nayo ilikuwa imetoka kidogo. Wakaaga.

Ndani ya gari la kazi la fundi, katikati ya makopo ya grisi, walipita taa za kwanza za barabarani, wakapita za pili. Kwenye taa za tatu mabega ya fundi yakaanza kutikisika, akajifanya anakohoa. Mama mkwe akageukia dirishani. Baada ya muda akasema na yeye kuna kitu kimemkwama kooni.

Kesho yake wakaenda kwenye kituo cha mbwa waliotelekezwa. Mwenye kituo alikuwa mwanamke wa makamo mwenye buti za mpira, aliyewahi kuwa msaidizi wa daktari wa mifugo, na hakuwa na haraka na mtu. Fundi macho yake yalimwangukia dume kijana mwenye kifua, aliyekuwa akirukia uzio kama mpira. Mama mkwe akampenda mweupe mdogo, wa kukaa mapajani. Ila adabu ikawabana. Fundi akasema kama mama amempenda huyo mdogo, basi ni huyo. Mama mkwe akasema kama baba anaona yule mkubwa anafaa, yeye ni nani wa kupinga. Walirudishiana hivyo mara nne, kila mmoja akitetea mbwa asiyemtaka.

Mwenye kituo akawakatiza. Yule kijana, akasema, anataka kukimbia kwa muda wa saa mbili kila siku. Mkimfungia ghorofani atakula kochi, kisha mlango. Na yule mweupe ni mdogo wa umbo tu, sauti anayo ya honi ya lori. Amekwisha kurudishwa mara mbili na watu wa ghorofani.

"Watu wanakuja hapa na rula," alisema. "Mbwa wa ghorofa hapimwi kwa rula. Anapimwa kwa anavyokaa akiachwa peke yake."

Kisha akavuta kiti na kuanza kuuliza. Nani anashinda nyumbani? Mbwa ataachwa saa ngapi kwa siku? Nani atamshusha chini alfajiri, na mvua ikinyesha je? Mkisafiri atabaki kwa nani? Daktari atalipwa na nani kati yenu? Mwenye nyumba amekubali? Mama mkwe akafungua mkoba, akatoa barua. Mwenye kituo akaisoma mpaka saini. Fundi akanong'ona kwamba siku aliyokwenda kuposa hakuulizwa nusu ya maswali haya. Mama mkwe, bila kumtazama, akasema siku ile walikuwa na haraka.

Ndipo kile walichodhani ni zulia chini ya meza kikajinyoosha. Alikuwa jike wa miaka sita, mrefu, mnene kidogo, wa kilo ishirini na mbili, sikio moja limesimama na jingine limekata tamaa. Pale kituoni walimwita Benchi. Aliyekuwa akimfuga alikuwa amehama nchi na kumwacha, na tangu hapo watu walimpita wakitafuta wadogo. Amechanjwa, amefungwa kizazi, kadi hii hapa. Benchi akanusa kiatu cha mama mkwe, akalaza kidevu juu yake, akashusha pumzi ndefu kama mtu aliyemaliza zamu.

Hawakupewa siku hiyo. Mwenye kituo alikuja kwanza kuikagua nyumba, akapitisha ngumi yake kwenye vyuma vya baraza, akasema panahitaji wavu. Fundi akaufunga jioni ileile, kwa skrubu za kuzuia tembo. Baada ya hapo wakakabidhiwa Benchi kwa wiki mbili za majaribio.

Ndani ya nyumba hakuwa na neno. Alilala, akala, akalala upande wa pili. Na tangu siku ya kwanza wakaanza kuongea kupitia kwake. "Benchi, mwambie baba chai iko mezani." "Benchi, muulize mama kama ameona miwani yangu." Benchi hakufikisha ujumbe hata mmoja, lakini ujumbe ulifika.

Tatizo lilikuwa lifti. Jengo lile lilikuwa chini ya kampuni ya fundi, na ile lifti aliihudumia kwa mikono yake. Aliijua kama mtu anavyolijua jino lake bovu. Siku ya kwanza aliufungua mlango kwa fahari. Benchi akatazama ule mwanya mweusi sakafuni, akasikia upepo unaopanda kutoka chini, akakaa kitako. Alibembelezwa, akavutwa kidogo, akaonyeshwa nyama. Akakaa kitako. Alikulia nyumba ya chini, na kwa maoni yake chumba kinachoondoka na watu si chumba.

Basi zikawa ngazi: vidato tisini, mara nne kwa siku. Fundi hakuwa amezikanyaga tangu ahamie. Fundi lifti kupanda ngazi ni kama mwokaji kula kiporo. Aliumwa mapaja, lakini lililomuuma zaidi ni dharau. Majirani walimkuta akihema kwenye ngazi wakamuuliza lifti imeharibika tena lini, na yeye, ambaye lifti yake haikuwa imeharibika mwaka mzima, akamnyooshea kidole mbwa.

Siku ya sita mama mkwe alitoka kwenda kutupa taka, akasikia sauti ya mkwewe mbele ya lifti.

"Kamba sita za chuma, Benchi. Sita. Moja peke yake inakubeba wewe na ukoo wako mzima. Na zikikatika zote, jambo ambalo halijatokea mikononi mwangu, kuna breki chini inayoshika yenyewe. Sasa unaogopa nini?"

Benchi alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja, akisikiliza kwa heshima. Kwa kawaida mama mkwe angerudi ndani na kukohoa. Safari hii alibaki pale pale na ndoo yake ya taka.

"Baba," alisema, "mzazi wa mara ya kwanza hatulizwi kwa kutajiwa vifaa. Anatulizwa na mtu wa kukaa naye."

Fundi akageuka, uso umemshuka kwa aibu. Halafu, kwa kuwa alikuwa mtu wa kazi na hilo lilikuwa wazo la kazi, akauliza akae naye vipi.

Kesho yake saa nane mchana, watu wengi wakiwa makazini, aliisimamisha lifti ghorofa ya tano kwa ufunguo wake, milango wazi, akabandika karatasi chini: MATENGENEZO, DAKIKA ISHIRINI. Mama mkwe akaleta stuli yake akaiweka ndani ya lifti, pamoja na bakuli la njegere za kumenya. Fundi akaketi sakafuni na vipande vya maini vilivyochemshwa. Wakapiga gumzo, kwa sababu dakika ishirini ndani ya lifti isiyokwenda ni nyingi mno kwa kukohoa tu. Mama mkwe alisimulia kisa cha daktari mmoja aliyezirai mlangoni mwa chumba cha kuzalishia. Fundi akasimulia cha bwana harusi aliyekwama kati ya ghorofa mbili na kuanza kuungama. Siku hiyo Benchi aliingiza pua. Siku ya pili, miguu ya mbele.

Siku ya tatu mwenyekiti wa wapangaji alipanda kwa miguu kuja kuona matengenezo gani haya ya kila siku. Akamkuta fundi chini na maini mkononi, mama mkwe na njegere zake, na mbwa nusu ndani nusu nje. Akauliza kilichoharibika ni nini.

"Mgonjwa anaendelea vizuri," mama mkwe alimjibu. "Ukisimama hapo unamzibia hewa."

Mzee akasogea. Baada ya kusitasita akauliza kama anaweza kumpa kipande kimoja cha maini.

Siku ya nne Benchi akaingia mzima, akajilaza. Milango ikafungwa, wakashuka ghorofa moja, wakapanda. Wakashuka mbili. Jioni ile mke alirudi kutoka safari, akabonyeza kitufe chini, na mlango ulipofunguka akawaona mumewe na mama yake wote wawili wakiongea kwa wakati mmoja, mbwa katikati yao. Alisimama na begi lake akisubiri watoke. Hawakutoka. Walikuwa hawaendi popote. Mama yake akamwambia aingie, waende mara moja tu tena.

Wiki mbili zilipoisha, mwenye kituo alileta karatasi za mwisho. Mama mkwe akasaini kama mwenye mbwa, fundi kama mlezi wa pili. Mwenye kituo akauliza kama kuna malalamiko yoyote, wakasema hakuna.

Lalamiko lilikuja mwezi uliofuata. Umeme ulikatika adhuhuri moja wakiwa wametoka matembezi, na Benchi, ambaye sasa aliipenda lifti kupita kiasi, akakaa kitako mbele ya mlango wake akakataa ngazi. Walingoja nusu saa. Hatimaye fundi akamkumbatia kilo zake zote ishirini na mbili, akaanza kupanda, mama mkwe nyuma yake akimsimamia.

"Vuta pumzi, baba. Taratibu. Usijikaze bado. Ukifika pale kwenye kona, pumzika."

Ghorofa ya tatu fundi akaegemea ukuta, jasho linamtiririka mpaka puani. "Mama, siwezi tena."

"Wote husema hivyo wakifika hapo," mama mkwe alisema.

Fundi akaanza kucheka, na kucheka kukammalizia nguvu zilizobaki, ikambidi amweke mbwa chini. Benchi akajikung'uta, akapanda ghorofa mbili za mwisho kwa miguu yake mwenyewe, akawangojea mlangoni.