Mto Wenye Zipu

Kwa miezi minne mfululizo usingizi ulikuwa ukimpiga chenga Daktari. Hakuwa daktari hasa. Alikuwa mfamasia, mwenye duka dogo la dawa lililobanwa kati ya saluni na studio ya picha, lakini mtaa mzima ulimwita hivyo na alishachoka kuwasahihisha. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja, watoto wawili waliokwisha kuhama nyumbani, na mume ambaye jina lake halisi lilibaki kwenye vyeti tu. Watu walimwita Baridi, kwa sababu alikuwa fundi wa mafriji.

Kilichomwamsha ni joto, nalo lilikuwa na njia yake. Lilianzia kifuani, chini kidogo ya koo, kama mtu kawasha jiko humo ndani. Likapanda shingoni, likaingia masikioni, likafika utosini, na hapo jasho likamtoka kama aliyekimbizwa. Akigeuza mto, upande wa pili ulikuwa na ubaridi wa kuhesabu mpaka hamsini, basi. Akaugeuza tena. Akaukunja, akaupiga ngumi, akausukumia miguuni. Mara moja aliuvisha taulo lililoloweshwa maji, akaamka na mafua na shingo iliyokakamaa. Mwishowe alichukua shuka jepesi akahamia sebuleni, akajilaza sakafuni kwenye vigae.

Alijua kabisa ni kitu gani. Wanawake wangapi amewaeleza kupitia kidirisha cha duka lake, kwa sauti ya chini, kwamba hedhi inakatika, mwili unajipanga upya, si ugonjwa. Lakini kwa mumewe hakuwa amefungua kinywa. Baridi alikuwa mdogo kwake kwa miaka mitatu. Siku ya harusi yao shangazi mmoja wa mume alisema mbele za watu kwamba kijana wetu kaoa dada yake mkubwa, watu wakacheka, na bibi harusi naye akacheka. Ila neno lile lilimkaa rohoni miaka ishirini na saba. Kusema sasa kwamba amefika umri huo ilikuwa ni kama kumpa ushindi yule shangazi, ambaye hata hivyo alikwisha kufa zamani.

Kwa hiyo Baridi alipouliza kwa nini anahamia sebuleni, alijibu, "Mgongo." Wiki iliyofuata, mgongo ukiwa umesahaulika, alijibu kwamba feni inapiga kelele. Baridi akaishusha feni, akaifungua, akaitia mafuta, akairudisha. Ikawa inazunguka kimya kama kivuli. Daktari akaendelea kulala sebuleni.

Kilichomtoa kwenye ukimya huo ni kosa alilofanya Jumanne moja asubuhi. Alikuja mteja wake wa siku nyingi, mwalimu mstaafu, mama mkavu mwenye miwani ya kuning'iniza, kuchukua dawa zake za presha. Daktari akasoma cheti cha dawa, akageuka, akachukua boksi, akahesabu vidonge, akaandika maelezo. Mwalimu hakuondoka. Alifungua pakiti palepale kaunta.

"Hivi sivyo," alisema.

"Ni vyenyewe, mwalimu. Kimoja asubuhi, kabla hujala."

"Vyangu ni vya mviringo. Hivi virefu. Nimefundisha darasa la kwanza miaka thelathini, mviringo naujua."

Daktari alivichukua, akavitazama vizuri. Vilikuwa vidonge vya kushusha sukari, na mama huyu hakuwa na kisukari. Aliishi peke yake. Daktari aliweza kuona hatua kwa hatua ambavyo mambo yangekwenda: kidonge asubuhi, kijasho, kizunguzungu, sakafu ya jikoni, na hakuna wa kubisha hodi mpaka jioni.

Akaomba radhi, akabadilisha dawa, akaandika kosa lile kwenye daftari lake la makosa, tarehe na saa. Mwandiko ulimtoka mbaya, herufi zikipandana. Mwalimu hakupaza sauti. Alisema tu, "Una macho ya mtu aliyefiwa. Nenda ukalale." Maneno hayo yalimuuma kuliko kama angetukanwa.

Alifunga duka kabla ya saa ya chakula, akaingia saluni ya jirani. Msusi alikuwa wifi yake, mdogo wa Baridi, mwanamke mwenye mikono myepesi na mdomo mwepesi zaidi. Saa hizo hakuwa na mteja. Daktari akamweleza kila kitu, kosa la dawa, joto, vigae vya sebuleni. Wifi alisikiliza huku akichambua vitana.

"Kuna mito siku hizi ya kupoza," alisema. "Ina zipu ubavuni. Unapunguza vijazo au unaongeza mpaka shingo ikae sawa. Mteja wangu mmoja anao, anasema analala kama gunia." Akaweka kitana chini. "Wifi, nikuulize kitu, usininunie."

"Uliza."

"Una mtu?"

Daktari alicheka. Kisha akaona mwenzake hacheki.

"Kaka alikuja hapa juzi," wifi alisema. "Alikaa kwenye kile kiti cha kukaushia nywele saa nzima, na hana hata unywele wa kukausha. Akaniuliza, mwanamke akihama chumba akasingizia mgongo, halafu akasingizia feni, hiyo maana yake nini? Nikamwambia kamuulize mwenyewe. Akasema anaogopa jibu."

Alasiri ile Daktari hakutulia hata dakika tano. Kila cheti alikikagua mara tatu. Alifungua droo akasahau anatafuta nini, akaifunga, akaifungua tena. Maboksi yaliyofanana aliyahamisha, ya presha rafu ya juu, ya sukari rafu ya chini, halafu akaona hayajaachana vya kutosha, akayahamisha upya. Alitaka kumpigia mumewe simu, akaishika, akairudisha mfukoni. Kitu cha namna hiyo mtu anakianzaje kwenye simu, na huyo mwenzako pengine yuko kifudifudi nyuma ya friji la bucha?

Ijumaa jioni, wakila, alipiga moyo konde. "Kesho nisindikize nikanunue mto."

"Mto? Humu ndani kuna mito kuliko vichwa."

"Nataka mwingine."

Baridi aliweka kijiko chini. "Mmoja?"

"Mmoja."

Akainua kijiko, akaendelea kula. Baadaye, akiosha vyombo, ndipo Daktari alipoelewa alichokuwa akiulizwa. Mtu anayenunua mto mmoja ni mtu anayejitandikia pake. Alikausha mikono, akaenda mpaka mlangoni mwa chumba, akamkuta mumewe amempa mgongo anapanga bisibisi kwenye boksi la vifaa, bisibisi zilizokuwa zimeshapangwa. Akarudi jikoni.

Duka la magodoro lilikuwa kubwa, lenye vitanda vilivyotandikwa safu kwa safu kama wodi isiyo na wagonjwa. Dada muuzaji, mwenye futi ya kupimia shingoni, aliwapokea vizuri na kuwapeleka penye mito. Akaanza maswali.

"Mama unalala ubavu, chali au kifudifudi?"

Kwa miezi minne Daktari amelala kila namna na hakuna hata moja iliyokuwa kulala.

"Ubavu wa kushoto," alisema Baridi, akitazama ukuta. "Mkono chini ya shavu. Karibu na alfajiri anageuka chali, dakika chache tu, halafu anarudi. Mto mrefu hautaki. Ukimpa mrefu anausukuma mpaka anabaki na ncha."

Muuzaji akatabasamu. "Na joto, mama, ni la chumba au la mwili?"

"La chumba," Baridi alijibu upesi. "Dirisha letu linapigwa na jua la jioni."

Hapo Daktari angeweza kuitikia tu, wakanunua, wakaondoka. Uongo ulikuwa umeshaandaliwa, tena na mtu mwingine, kwa nia njema. Lakini joto nalo halikuwa na simile, likaamua kuanza palepale, chini ya koo, na kupanda. Alihisi uso wote unawaka. Muuzaji alikuwa akimtazama, Baridi naye akawa anamtazama.

"Ni la mwili," alisema. "Hedhi yangu inakatika. Huu mwezi wa nne. Linanipanda usiku mara tano, mara sita. Nalala kwenye vigae kwa sababu vina baridi. Sina mgongo, na feni haina ubaya." Akamgeukia Baridi. "Wala si wewe."

Dada muuzaji alikumbuka kwamba ana shughuli upande wa pili wa duka.

Baridi alisimama na mto mkononi, ameukumbatia bila kujua. "Miezi minne," alisema.

"Ndiyo."

"Na mimi ile feni nimeifungua mara tatu."

"Najua."

"Ungeniambia."

"Niliogopa utaniona nimezeeka."

Baridi akajipapasa upara. "Mimi nilikuona unaondoka," alisema polepole. "Kati ya hayo mawili, mke wangu, bora uzeeke."

Daktari alijifuta jasho kwa kiganja, na si jasho peke yake. Baridi alitia mkono mfuko wa shati akatoa kipimajoto chake cha kazini, kile chenye waya mrefu anachokitumbukiza ndani ya mafriji ya watu, akamwita muuzaji arudi.

"Kitu hakipoi hivihivi," alimwambia. "Joto lazima liende mahali. Friji hulitupia nyuma. Huu mto wako unalitupia wapi?"

"Una jeli ya kupoza, baba."

"Haya, tuone."

Ikawa sasa Daktari analazwa kitandani mbele ya dirisha kubwa la duka, viatu vimevuliwa, waya umepita chini ya shavu, na wapita njia wanachungulia. Mto wa jeli ulikuwa wa ajabu mwanzoni, baridi kama sakafu ya nyumbani, na alitamani kusema huuhuu, twende. Baridi akamkataza kuinuka. Dakika ya kumi na mbili akasoma kipimo. "Umeshiba joto," alisema. "Sasa unamrudishia la kwake." Wa pili ulikuwa wa mpira wenye matundu. Ule ulipitisha hewa vizuri, lakini ulikuwa mrefu, na hauna zipu wala pa kupunguzia. Alijiona kama amelalia mkate. Mara tatu alitaka kuamka akimbie, akajikaza. Mzee mmoja aliyekuja kununua godoro aliuliza kama huyo mama amezimia.

Wa tatu ulijazwa vipande vidogo vya sponji, una zipu ubavuni na foronya nyembamba inayoteleza. Haukuwa na ubaridi wa kumshangaza mtu. Ila baada ya dakika ishirini kipimo kilikuwa palepale kilipoanzia.

"Kwa baridi haumfikii yule wa kwanza," Baridi alisema, "lakini haupandi."

"Tuchukue huo," Daktari alisema, akitafuta viatu.

Muuzaji aliwaonya kwamba mto utakuja umejaa kupita kiasi, wauanike siku mbili utoke harufu, kisha wapunguze kiganja kimoja kimoja na kinachotoka wakiweke kwenye mfuko.

Nani alingoja siku mbili? Usiku uleule Daktari alirudi chumbani na mto wake unaonuka kiwanda, umevimba kama kiroba, akaamka na shingo imepinda. Siku ya pili wakatoa viganja viwili kitandani, vipande vikatawanyika kila mahali, vingine vikanasa kwenye ndevu za Baridi, na mteja wa kwanza wa kesho yake akamuuliza kama ameanza kufuga kuku. Siku ya nne mto ukalegea kabisa.

"Nilisema kiganja kimoja," Daktari alilalamika.

"Nimetoa kimoja."

"Kiganja chako si kiganja. Ni sepetu."

Na joto lilikuja vilevile. Usiku mmoja aliutupa mto ukutani akarudi zake kwenye vigae, na alipoamka alimkuta Baridi naye amelala sakafuni mita moja kutoka kwake, anakoroma, amelalia mkono. Asubuhi hiyo alikwenda kwa daktari wa kike ambaye yeye mwenyewe alizoea kumpelekea wanawake wengine, akakaa kwenye foleni kama wao, akapimwa, akapewa ushauri na dawa. Dukani alimwomba mfamasia mwenzake mstaafu awe anakuja asubuhi, kila dawa ipitie macho mawili zaidi, mpaka yake yatakapotulia.

Ilichukua wiki tano. Joto lilipungua likawa la mara mbili kwa usiku, na mto, ukiwa umefikia kimo chake, ulikuwa ukigeuzwa unampa nafasi ya kusinzia tena kabla halijarudi. Alipata saa nne za kulala, kisha tano, kisha siku mbili akapoteza zote akawa anatembea nyumbani kama mlinzi.

Jumatano moja aliamka jua limeshafika kwenye kabati. Aliruka, moyo unampiga, akajaribu kukumbuka aliamka mara ngapi usiku. Hakukumbuka hata moja. Alivaa mbiombio akamkuta Baridi barazani.

"Saa tatu hii! Kwa nini hukuniamsha?"

"Ningekuamsha kwa roho ipi?"

"Na wateja?"

"Mwenzako yuko dukani. Na wifi yako amewaambia wote kwamba Daktari amelala."

"Amewaambia hivyo?"

"Saluni nzima."

Alichukua mkoba akatoka bila kuaga, amekasirika, akitafuta maneno ya kwenda kumwambia wifi. Alipofika kona akajikuta anacheka peke yake. Kisha akahisi lile joto linaanza, pale chini ya koo. Akafungua kifungo cha juu cha blauzi, akaongeza mwendo.