Kanda Iliyokatika Kabla ya Jibu

Bwana Mugweri aliniita mwizi mchana kweupe, mbele ya wauza nyanya, washona viatu na mama mmoja wa kule mlimani Wanale aliyekuja kurekodiwa nyimbo za kanisa. Alitoka Jinja mpaka Mbale kwa kazi hiyo moja tu, tena na afande pembeni.

"Huyu ndiye!" alipiga kelele, kidole karibu kinitoboe pua. "Brendah! Mwizi wa sauti ya watu! Kanda za Kagoya nalala dukani kwangu sababu yake!"

Sikuinamisha kichwa. Baba yangu alikuwa askari jela. Nimekulia kambini nikiona wezi wa kila namna wakilima mihogo, kwa hiyo mwizi namjua. Mimi nilikuwa na kibanda cha mbao, mashine ya kurekodi inayomeza kanda mbili kwa pamoja, na spika mlangoni. Mtu analeta kanda yake kuukuu, namrekodia nyimbo anazotaka, ananilipa jasho langu. Ukitaka kunipa jina, niite fundi.

Kagoya ni mwimbaji wa Mpumudde, kule Jinja. Kanda yake ilitoka mwanzoni mwa mwaka 1997, na Mugweri ndiye aliyepewa kuiuza. Je, aliileta Mbale? Thubutu! Niliikuta Jinja nilipokwenda msibani, nikainunua kwa pesa zangu mwenyewe, kanda halisi yenye picha ya Kagoya amevaa gauni la gomesi la kijani. Ile halisi niliifungia sandukuni isichakae, nakala nikaipiga mlangoni. Kabla ya wiki kuisha watu walijipanga mpaka kwa muuza mkaa.

Sasa, kanda ya Kagoya ilikuwa ndefu, na kanda walizoniletea watu zilikuwa fupi. Wimbo wa mwisho ukawa unakatika, hata kwenye nakala yangu ya mlangoni, tena unakatika pabaya. Ni wimbo wa msichana ambaye wachumba wamemletea ng'ombe. Baba yake anamwuliza, "Mwanangu, niwapokee?" Msichana anaimba, "Nami nikamjibu..." Hapo kanda inaisha.

Mji mzima ulibishana. Mtaani Nkoma, wake za walimu waliapa kwamba alikubali. Watu wa Wanale wakasema alikataa, tena kwa matusi. Walinijia wakinibembeleza niwaambie.

"Jibu liko kwenye kanda halisi," niliwaambia. "Kanunueni."

"Wapi?" wakauliza, nami nikageukia mashine yangu.

Sikatai, walikuwapo ambao wangenunua. Mwalimu Herbert wa Nkoma, mwenye mshahara na redio kubwa kuliko meza yake, alirekodi kwangu, na kwa mteja kama huyo, Mugweri alikuwa na haki ya kuumia. Lakini yule mama wa Wanale? Asingekwenda Jinja kutafuta kanda hata ungembeba mgongoni.

Afande Odongo alimsikiliza Mugweri mpaka akachoka.

"Bwana, hii sauti si yako," alisema. "Mwenye sauti nakuja hapa Jumamosi kuimba. Yeye mwenyewe atasema. Kama nasema huyu mama ni mwizi, mimi nafunga yeye. Sasa mashine nakaa kwangu."

Akaibeba. Nililia, ndiyo, nililia kwa hasira. Mashine ile ndiyo iliyokuwa shamba langu. Lakini kilichoniuma zaidi ni lile neno. Mashine hununuliwa nyingine. Jina likishapakwa matope sokoni, utalioshea wapi?

Majirani walinishauri nisionekane Jumamosi. Nikavaa nguo yangu nzuri kuliko zote, nikalipa kiingilio ukumbini kama wengine. Mugweri alikuwa mlangoni na meza na maboksi ya kanda, mara ya kwanza kuyafikisha Mbale. Watu walimpita kama hawamwoni.

"Tazama kazi yako!" alinifokea. "Hakuna nanunua!"

"Na wewe tazama ukumbi," nikamjibu. "Umejaa mpaka madirishani. Nani aliwaambia kwamba kuna mtu anaitwa Kagoya? Wewe?"

Akaanza kupanga upya maboksi yake.

Kagoya alipoanza kuimba, ukumbi ulimwitikia neno kwa neno. Nilimwona anashangaa. Alikuja akidhani atajitambulisha kwa wageni, kumbe watu walijua hata pale anapovuta pumzi. Wimbo kwa wimbo, tukafika ule wa mwisho. Baba akauliza, na ukumbi mzima ukapaza sauti pamoja naye: "Nami nikamjibu..."

Kimya. Watu wote walikatika kwa mkupuo mmoja. Wapiga ngoma wakababaika, wakaacha. Kagoya akabaki na kipaza sauti mkononi.

"Afande!" Mugweri alipiga kelele kutoka mlangoni. "Umesikia? Hapo ndipo kanda ya huyu mwizi inakatika! Wote wezi!"

"Mbona nyinyi nanyamaza?" Kagoya aliuliza.

"Ndiyo mwisho wetu huo!" alijibu yule mama wa Wanale, amesimama juu ya benchi. "Tangu mwaka uanze tunagombana! Binti alijibu nini?"

Kagoya alitazama ukumbi, kisha akatazama maboksi mlangoni. Akacheka taratibu.

"Jibu iko," alisema. "Iko kwa meza ya Bwana Mugweri. Mimi leo siimbi."

Walivyomvamia Mugweri! Meza ilivunjika mguu. Mwalimu Herbert alitoka na kanda mkononi na shati limechanika.

Afande Odongo alinishika mkono akanipeleka mbele. Nilisimama wima.

"Mama, huyu ndiye narekodi sauti yako," alisema. "Nasema nini? Mwizi?"

Kagoya alinikazia macho. "Ni wewe umekata wimbo yangu?"

"Ni mimi."

"Huyu msichana mwaka mzima nasimama mbele ya baba yake kama bubu! Rekodi, sawa. Kukata, hapana!" Akamgeukia Odongo. "Rudisha mashine yake. Huyu ndiye alileta mimi Mbale."

Mugweri hakusikia. Alikuwa anauza.

Usiku ule kila nyumba ilisikia jibu: "Baba, waambie wangoje." Nkoma walikosea, na Wanale walikosea.

Mashine ilirudi Jumatatu. Jina langu halikurudi, maana aliyelichukua alikwisha kwenda Jinja na maboksi matupu. Mwaka uliofuata akaja kibandani, safari hii bila afande, na kanda mpya ya Kagoya ndani ya bahasha. Aliinama karibu na sikio langu.

"Rekodia watu hii," alinong'ona. "Lakini mwisho, kata kidogo. Kama ile."

"Kagoya amekataza kukatwa," nikasema kwa sauti ya soko. "Na mimi ni mwizi, bwana. Mwizi hapewi kazi."

Wauza nyanya waligeuka. Washona viatu wakaacha sindano. Mugweri akaketi kwenye benchi, nami nikamngojesha mpaka nilipommalizia mama wa Wanale nyimbo zake.

"Brendah si mwizi," akasema hatimaye, kwa sauti ya mtu aliye kanisani.

Niliongeza sauti ya spika.

"Sisikii, bwana. Sema kama ulivyosema siku ile."