Mpaka Lambert Amalize

Mume wangu Lambert hajui kuomba. Hata chumvi mezani haombi, anaitazama tu mpaka mtu amsogezee. Kwa hiyo Brooke, meneja wa kituo chetu cha redio, alipotangaza kwamba kipindi cha Lambert cha polka, ule muziki wetu wa dansi wa kodiani, kitabaki hewani ikiwa tu wasikilizaji wake watakichangia, nilijua tumekwisha kama nitamwachia Lambert peke yake. Nilijiandikisha siku hiyohiyo kwenda kupokea simu.

Kituo chetu hakina matangazo ya biashara. Kinaishi kwa michango, na kila Machi na kila Oktoba muziki unakatwakatwa ili watu waombwe. Sisi wa kujitolea tunakaa kwenye meza ndefu nje ya studio, tunapokea simu, tunaandika jina na ahadi, na anayetoa anapelekewa kikombe chenye jina la redio. Zamani pesa zote ziliingia kapu moja. Brooke alipokuja kutoka Chicago alileta utaratibu wake: kila kipindi kijilipie chenyewe, na kinachoingia ndani ya saa ya kipindi ndicho chake. Polka huanza saa sita mchana kila Jumapili na kwisha saa saba. Ilitakiwa kupata dola elfu nne. Ikikosa, saa ile anapewa Quentin.

Quentin ndiye anayemfuata Lambert. Ni bwana wa New York, kipindi chake kinanunuliwa kikiwa kimesharekodiwa, na kazi yake ni kueleza habari za jibini. Anawaeleza watu wa Wisconsin, jimbo letu linaloishi kwa jibini. Mimi nimekamua ng'ombe tangu nikiwa mtoto, na sijawahi kuichukia jibini isipokuwa inapotoka kinywani mwa yule bwana.

Lambert halipwi hata senti. Ameifanya kazi hiyo miaka thelathini, kwanza akitoka zamu kiwandani, na sasa akitoka kwenye kiti chake sebuleni. Tangu kiwanda cha karatasi kifungwe, Jumapili ndiyo siku pekee anayonyoa ndevu bila kuambiwa. Jumatatu hadi Jumamosi ninaishi na mtu anayeangalia theluji. Hilo halikuwa kwenye hesabu za Brooke, na sikutaka kumwambia, maana si habari ya kumwambia msichana anayekunywa kahawa yenye maziwa ya shayiri.

Jumapili ile tulifika mapema. Lambert alivaa shati lake la bluu. Mkononi alikuwa na kengele ya ng'ombe ya marehemu baba yake, ambayo huwa anaigonga kila anapomtakia mtu heri ya kuzaliwa. Brooke aliichukua kwa furaha.

"Hii tutaigonga kila mtu akitoa," alisema. "Na wewe, mzee, usisahau. Kila baada ya wimbo, unawaambia wapige sasa hivi. Sema hivyohivyo: sasa hivi."

"Nitawaambia," Lambert alisema.

"Usiwaambie kama unayetangaza msiba."

"Nitajitahidi."

Nilikaa kwenye meza karibu na Marlys Tesch, jirani yetu, mwanamke mwenye moyo mzuri na akili ya kuku. Kupitia kioo tulimwona Lambert akivaa visikizio. Saa sita kamili kodiani ikalia, naye akawasalimu watu wake kama kawaida. Akasoma waliozaliwa wiki ile, akasoma walioadhimisha ndoa, akawataja waliolazwa hospitali. Akapiga nyimbo mbili. Kisha akafika pale.

"Kituo kina upungufu kidogo," alisema. "Mwenye nafasi anaweza kupiga simu. Lakini kama mmeshakaa mezani, kuleni kwanza. Viazi vikipoa havina maana tena."

Marlys alicheka mpaka akajifuta macho. Mimi sikucheka. Brooke alisimama nyuma yetu amekunja mikono kifuani.

"Nilimwambia sasa hivi," alisema.

"Amewaambia wale kwanza," nilimjibu. "Hiyo ndiyo sasa hivi yake."

Simu zilikaa kimya. Simu sita mezani, na hakuna hata moja iliyokohoa. Lambert akapiga wimbo mwingine, halafu mwingine, na kila ukiisha anageuka kutuangalia kupitia kioo. Ninamjua yule mtu. Alikuwa anajifanya anatazama saa ya ukutani, lakini alikuwa anatazama mikono yetu aone kama imeshika simu.

Ilipofika nusu saa bila kitu, Marlys hakuweza kuvumilia. Akatoa simu yake ya mkononi, akaishusha chini ya meza, akapiga namba ya redio. Simu yangu ikalia.

"Pokea," alininong'oneza. "Tafadhali, Verna, pokea. Mwangalie alivyo."

Ningefanyaje? Nikapokea. Nikasema asante, asante sana, nikaandika upuuzi kwenye karatasi. Nyuma ya kioo, Lambert aliinua mabega yake yaliyokuwa yameanguka. Uso wake ulifunguka, na kwa dakika moja nikampenda Marlys kuliko dada zangu wote. Ndipo Lambert alipofungua maikrofoni.

"Naona simu zimeanza kulia," aliwaambia watu. Sauti yake ilikuwa nyepesi. "Basi hakuna haja ya kuwasumbua tena. Tuendelee na muziki."

Akaunganisha nyimbo nne bila kusema neno. Nilimtazama Marlys, naye akaanza kuyachunguza maua ya sketi yake. Nilitamani kumpiga kwa kile kikombe cha redio. Brooke alikwenda kugonga kioo, akaashiria mdomo wake, sema, sema, lakini Lambert alimpungia mkono kwa adabu akidhani anasalimiwa.

Saa saba kamili alisema anachosema siku zote, kwamba tukijaliwa tutaonana Jumapili, akavua visikizio. Tulikuwa tumepata dola mia moja na themanini, tena mia moja kati ya hizo zilikuwa zangu na za Marlys. Sauti ya Quentin ikaanza kutiririka kwenye spika, anasimulia jibini ya mbuzi wa Ufaransa.

Hapo simu zikalia. Hazikulia moja moja. Zililia zote sita kwa pamoja, kana kwamba kuna mtu aliyekuwa ameziziba kwa kidole na sasa amekitoa.

"Hujambo, mama," alisema wa kwanza wangu, mzee mwenye sauti ya moshi. "Andika dola hamsini. Ni za Lambert."

"Kwa nini hukupiga alipokuwa hewani?" nilimuuliza. Hatukuruhusiwa kuuliza hivyo.

"Alikuwa anapiga muziki," alisema, kana kwamba nimeuliza kwa nini hakuvuta sigara kanisani. "Alishatuambia, mtu mwenye neno asubiri amalize."

Nikakumbuka. Mwaka wa kwanza kabisa, mtu mmoja alipiga simu studio katikati ya walzi, wimbo wa taratibu wa kucheza wawili wawili, ikalia hewani, na Lambert akasema kwa upole wake kwamba mwenye neno na ampigie kipindi kikiisha, ili wengine wasikatizwe. Alisema mara moja tu. Mimi nilikuwa nimesahau, na yeye pia, lakini watu wake hawakusahau. Ni watu wa hukuhuku. Humsimamii mtu dirishani akiwa anakula, na huongei kodiani ikilia. Walikaa jikoni mwao saa nzima na pesa mkononi, wanamheshimu.

"Dola ishirini, na kikombe mpeni mwenye shida ya kikombe."

"Themanini. Mwambie ule wimbo wa mwisho tulicheza mimi na mke wangu, na mke wangu ana mguu wa plastiki."

"Nilikuwa nasubiri tu amalize, asije akakatizwa kwa ajili yangu."

Kengele ya baba mkwe wangu iligongwa mpaka nikahisi meno yanauma. Ilipofika saa saba na nusu ahadi zilikuwa zimepita elfu tano. Nikamwita Brooke, nikamwonyesha karatasi zangu, kila moja nimeiandika Lambert, Lambert, Lambert.

Alizisoma. Sitamsingizia, alizisoma zote. Kisha akazirudisha.

"Zimeingia saa ya Quentin, mama."

"Hakuna hata mmoja aliyemtaja Quentin. Mmoja ameniuliza kama yule mtu ana mafua."

"Naelewa. Lakini nikivunja utaratibu kwa polka, kesho wa jazi atakuja, na wa opera atakuja. Halmashauri imeshapitisha. Inahesabiwa saa, haihesabiwi nia."

"Basi mnahesabu ujinga," nilisema, na mezani wote walinisikia.

Lambert alikuwa ametoka studio muda mrefu. Alikuwa amesimama kando ya koti lake, mkono mmoja umeshaingia, anatusikiliza. Nilimgeukia. Nilimwambia aende amwambie Brooke neno moja, moja tu, kwamba anataka kipindi chake. Nilijua akitamka kwa mdomo wake hata yule msichana asingeweza kumkatalia. Niliona kwenye macho ya Brooke kwamba hata yeye anasubiri aombwe.

Lambert alitazama chini, akaingiza mkono wa pili.

"Saa ilikuwa imekwisha, Verna," alisema.

Kabla sijamjibu simu yangu ililia tena, nikaipokea kwa hasira. Ilikuwa sauti ya mwanamke mzee sana, mwenye kukohoa kati ya maneno. Alisema anaitwa Hildegarde Pribyl, yuko nyumba ya wazee barabara ya kaskazini, na anatoa dola kumi. Jumapili ijayo anatimiza miaka tisini na mbili. Je, Lambert anaweza kumpigia ile walzi ya maua ya mtofaa?

Nikamnyooshea Lambert simu, na nakiri nilifanya hivyo ili imuume.

Aliishika kwa mikono miwili. "Ndiyo, mama Pribyl," alisema. "Hapana, hukunisumbua kabisa. Walzi ya mtofaa, ninayo. Jumapili ijayo. Tisini na mbili, hongera sana." Akachukua kalamu yangu akaandika jina lake vizuri, herufi kwa herufi, na tarehe pembeni. Marlys alianza kulia. Brooke aliondoka akaenda kusimama kwenye mashine ya kahawa, ambako hakujimiminia kitu.

Kwenye gari nilimuuliza kwa nini amemdanganya bibi wa watu, ilhali Jumapili ijayo saa ile ni ya Quentin.

"Alinisubiri nimalize," alisema.

Nilikuwa na mengi ya kusema juu ya nani amemsubiri nani katika maisha haya. Nilikuwa na kengele kwenye mkoba, niliyoitwaa mezani bila kumuaga mtu, na kila tulipopita shimo la barafu barabarani ilikuwa inagonga kidogo.

Wiki ile aliangalia theluji. Jumapili hakunyoa. Saa sita mchana nilimwekea soseji na kabichi, tukala bila redio, na sikupeleka macho kwenye saa kwa sababu yeye alikuwa anaiangalia kwa niaba yetu wawili. Viazi vyake vilipoa kwenye sahani. Nilitaka kumtupia neno juu ya viazi hivyo, nikalimeza.

Saa saba kamili simu ya nyumbani ililia. Namba yetu iko kwenye kitabu cha simu kama ya mtu yeyote. Lambert hakuinuka. Nikaenda mimi.

"Samahani kuwapigia nyumbani," ilisema ile sauti ya kikohozi. "Ni Hildegarde. Nadhani redio yangu imeharibika. Tangu saa sita nasikia bwana mmoja tu anazungumzia jibini. Wasichana wa hapa wamenibadilishia betri, lakini bado ni yeye. Je, Lambert ameshaupiga wimbo wangu? Nimeshavaa viatu vya kuchezea."

Nilimtazama Lambert mezani, na ndevu zake nyeupe.

"Ungepiga mapema, mama," nilimwambia. "Ungepiga saa sita ileile."

"La hasha," alisema bibi Pribyl. "Nilijua yuko kazini. Nikasubiri mpaka amalize."